Kidonda Nilichokiita Korosho

Mwanahawa, mtoto wa dada yangu, akiandika huinamisha kichwa mpaka sikio linakaribia kugusa daftari. Mwalimu wake wa darasa la pili alimkemea mara kadhaa akidhani ni uvivu. Mwishowe dada yangu Somoe akaenda shuleni kumweleza kwamba jicho la kushoto la mtoto halioni sawasawa.

"Lilipatwa na nini?" mwalimu akauliza.

"Ugonjwa tu," dada akajibu.

Alinisimulia hayo huku anachagua mchele, bila kuinua uso. Nilielewa kwamba amenisitiri. Nimejaribu kulisahau jibu lake nikashindwa, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Ugonjwa ulikuwepo, ni kweli, lakini ulikuwa wangu, na ni ugonjwa mdogo ambao huenda hata wewe unayesoma unao: yale malengelenge yanayotoka mdomoni, yanapasuka, yanaweka gaga, halafu yanakwenda zake. Mimi sikumharibia mtoto jicho kwa malengelenge peke yake. Nilisaidiwa na maneno niliyoyasema na mengine niliyoyameza.

Yalinianza nikiwa darasa la tatu, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Malaria ilinilaza wiki nzima nyumbani kwetu Chinongwe, wakati wa kupalilia. Asubuhi homa ilipoachia, mdomo wangu wa juu ulikuwa umejaa vilengelenge vidogo vilivyobanana kama punje za ulezi. Bibi, mama yake mama, alipoviona alifurahi.

"Homa imetokea mdomoni," alisema. "Sasa mtoto amepona."

Akaninywesha togwa kwa kikombe chake cha bati, na nilipobakiza, akamalizia yeye. Bibi mwenyewe alikuwa anatokwa na vilengelenge vilevile kila jua la shambani lilipomzidi. Hakuvificha, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyemtengea kikombe. Kwetu ilikuwa alama ya homa kuondoka, basi.

Aibu nilijifunza Nachingwea, sekondari ya bweni. Malengelenge yalinijia karibu kila mtihani. Nikaja kuzijua dalili zake kama mtu anavyojua hatua za baba yake mlangoni. Siku ya kwanza pembeni mwa mdomo panatekenya, kama sisimizi anatembea chini ya ngozi. Kesho yake yanajaa maji. Keshokutwa yanapasuka, halafu linakuja gaga la manjano ambalo ukicheka linachanika na kutoa damu. Siku kumi, wakati mwingine wiki mbili. Wenzangu bwenini waliniuliza kama nimebusu jiko la mkaa. Nilicheka nao huku nimefunika mdomo kwa kiganja, na tabia hiyo ya kufunika mdomo ninayo hadi leo.

Chuo kikuu Dar es Salaam, aibu ikageuka hofu. Ilikuwa miaka ambayo kila ukuta ulikuwa na tangazo la UKIMWI, na mtu akikonda kidogo watu wanaanza kumhesabia siku. Mwezi wa mtihani wa mwisho mdomo wangu ulilipuka kuliko wakati wowote. Mwenzangu wa chumba, kijana mpole ambaye hakuwahi kunitamkia neno baya, aliutazama, kisha akautoa mswaki wake kwenye kikombe tulichokuwa tunachangia, akautia kwenye begi lake. Hakusema kitu. Angesema, labda ningemjibu, yangekwisha. Kwa kuwa hakusema, mswaki ule ulikaa kichwani mwangu kwa miezi.

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nilikuwa na sababu moja ya kuogopa, ya usiku mmoja wa mwaka wa pili, na kwa kuigeuzageuza nikaifanya kuwa sababu mia. Nilikwenda maktaba nikafungua kitabu kinene cha tiba, nikasoma nusu ukurasa. Nilipofika penye maneno kwamba malengelenge huzidi kwa mtu ambaye kinga ya mwili imeshuka, nikakifunga. Ningesoma nusu ya pili ningekuta kwamba huja pia kwa jua, kwa uchovu, kwa homa, kwa mawazo. Mahali pa kupima damu palikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka bwenini. Nilipapita mara nyingi sana, hata nikajua pana madirisha mangapi.

Nilirudi Chinongwe na shahada yangu, bila kazi, suruali inanivuka. Ulikuwa msimu wa korosho. Watu walinipokea vizuri, lakini niliwasikia wakisema pembeni, "Amekonda huyu." Wiki ya pili pembeni mwa mdomo pakatekenya.

Asubuhi yake tulikuwa uani tunakunywa chai, mama, Somoe, mumewe Nassoro, na Mwanahawa, wakati ule ana miaka mitatu. Mama alinitazama kwa muda.

"Hicho nini mdomoni, mwanangu?"

Nilikuwa nimekesha nimejiandaa kwa swali hilo.

"Korosho, Mama. Nilipasua mbichi kwa meno."

Anayetoka kwetu anajua ninachosema. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Anayebangua bila kujipaka majivu mikononi hutoka malengelenge, na mtoto anayeing'ata mbichi hubabuka mdomo. Hutokea kila msimu, na hakuna mtu anayeambukizwa na mwenzake. Nilikuwa nimeupima uongo wangu kila upande kama fundi anavyopima mlango, na nikaona unakaa sawa.

Nassoro karibu chai impalie. "Shemeji! Miaka mitatu chuo kikuu, korosho unapasua kwa meno? Huko mlikuwa mnasomea nini, upanya?"

"Muache mwenzio, amesahau," mama alisema, lakini naye anacheka.

"Hajasahau huyu. Njaa! Kesho tutamkuta anatafuna magogo."

Tangu siku hiyo Nassoro akaniita Meno. Nilicheka kuliko wote, nikijipongeza moyoni. Somoe peke yake hakucheka sana. Jioni, tukiwa tunaanua korosho zilizokuwa zinakauka, akanisogelea.

"Hemedi, kama ni ugonjwa niambie mimi peke yangu. Sitamwambia mtu. Nina mtoto mdogo, na anakupenda, kila saa yuko mdomoni kwako."

Nayakumbuka maneno yake yote kwa mpangilio wake. Alikuwa amenifungulia mlango mpana kabisa. Nami nikamjibu, "Dada, wallahi ni korosho."

Akaridhika. Neno la kiapo kwetu si la kuchezea, halafu mimi ndiye kaka pekee. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto kuliko hata baba. Mjomba akiapa, nani atauliza tena?

Msimu ukapita. Malengelenge yakaja tena mwezi wa pili, nikasema ni korosho ya kwenye akiba. Nilifika mahali pa kukaa nje na kikaango nikichoma korosho makusudi, watu wanione.

Mwezi wa sita tukavuna ufuta. Wakati huo nilikuwa naitwa kwenye usaili wa kazi ya ualimu Nachingwea, na tangu barua ilipofika nilikuwa silali. Nilijibu maswali kitandani, nikajikosoa, nikajibu upya. Mchana tunashinda juani. Mdomo ukafanya kama unavyofanya: ukatekenya Jumatatu, na Jumatano malengelenge yakawa yamepasuka, mabichi, yanatoa maji. Siku hiyo ndiyo tulikuwa tunakung'uta ufuta.

Miganda ilikuwa imekwisha kukauka. Mtu anaubeba mganda taratibu, anaupindua juu ya turubai, anaupiga kwa fimbo, mbegu zinamwagika zikitoa sauti kama mvua ndogo. Somoe alikuwa anapepeta kwa ungo, upepo unapeleka makapi upande tuliokuwa tumekaa. Mwanahawa akapiga ukelele, ameshika jicho la kushoto.

"Kapi hilo," mama alisema bila kusimama. "Hemedi, mtoe mwanao."

Kwetu kapi likiingia jichoni halitolewi kwa kidole, maana kidole ni kigumu na kina vumbi. Mtu mzima humshika mtoto kichwa, humfungua kope, hupitisha ncha ya ulimi mara moja, akatema. Bibi alinifanyia hivyo mimi, nami nilikuwa nimekwisha kumfanyia Mwanahawa zaidi ya mara moja. Alikuwa anasema ulimi wa mjomba hauumi.

Alikuja mwenyewe, akainua uso, akanishika masikio yote mawili.

Nataka kuieleza saa ile kwa ukweli, kwa sababu ndiyo niliyoirudia mara nyingi kuliko zote. Nilisita. Kuna kitu ndani yangu kilisema usifanye. Sikujua kwa hakika kama kidonda changu kinaambukiza jicho, lakini nilijua kwamba sijui, na hilo lilitosha kunizuia. Kisha nikafikiri: nikikataa, mama atauliza kwa nini. Aliyebabuliwa na korosho hana sababu ya kukataa kumtoa mtoto kapi. Somoe yuko pale, anatazama. Nikikataa, kiapo changu kimevunjika mbele ya watu.

Mimi ninayefikiri kila kitu mara kumi, siku ile nilifikiri kwa muda wa pumzi mbili tu. Nikamfungua kope, nikampitishia ulimi, nikatema. Kapi likatoka.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Akakimbia kuendelea kucheza.

Siku ya tano jicho likawa jekundu. Mama alisema ni macho ya kawaida ya msimu wa vumbi, tumwoshe kwa maji ya chumvi. Siku ya saba Mwanahawa hakutaka kutoka nje. Alikaa chumbani ameegemeza uso kwenye kanga ya mama yake, akisema jua linamchoma. Nikajitolea kwenda Ruangwa mjini kwa baiskeli kutafuta dawa. Wote waliniona mjomba mwema. Kumbe nilikuwa nakimbilia duka la dawa ili tusiende kwa mtu mwenye maswali. Nilimwambia muuzaji ni mtoto ana macho mekundu, basi, naye akanipa dawa ya matone kwa hicho kidogo nilichomwambia. Wekundu ulipungua siku mbili, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Siku ya tatu jicho lilirudi vibaya zaidi, na juu ya weusi wake kukawa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Baadaye nilielezwa kwamba dawa za aina ile hutuliza wekundu huku zikiuachia ugonjwa huo nafasi ya kula jicho.

Tuliondoka alfajiri kwenda Nachingwea, Somoe, mtoto na mimi, kwenye lori lililobeba magunia ya mbaazi. Nassoro alibaki kumalizia ufuta. Mtoto alifungwa kitambaa usoni kwa ajili ya jua, akasafiri njia nzima bila kuona hata mti mmoja.

Benchi la hospitali lilikuwa refu, la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Mbele yetu alikuwepo mzee kutoka Chiola mwenye mtoto wa jicho, aliyekuwa anawachekesha watu kwa kusema amekuja kupunguziwa macho kwa sababu amekwisha kuona mengi. Mwanahawa alicheka ndani ya kitambaa. Nilimpenda yule mzee kwa kicheko kile.

Zamu yetu ilipofika, mtaalamu wa macho hakuwepo. Alikuwa ziarani vijijini, Marambo, na angerudi siku ya tatu. Alitupokea muuguzi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alijaribu kulifungua jicho, mtoto akapiga kelele na kulibana kwa nguvu zake zote. Muuguzi akamwachia, akakaa, akatutazama sisi.

"Nyumbani kuna mtu ana vidonda vya mdomoni? Malengelenge, yale ya homa?"

Somoe ndiye aliyejibu. "Hapana, Sista. Huyu mjomba wake tu aliungua na korosho."

Muuguzi akageuka kunitazama. Gaga lilikuwa karibu kutoka, limebaki doa la waridi. "Korosho mwezi huu?"

"Za akiba," nikasema.

"Nauliza kwa sababu," akasema polepole, "kingekuwa kidonda cha namna ile, nisingewaweka hapa kusubiri. Gari linakwenda hospitali ya misheni upande wa Masasi leo saa nane, ningewapandisha. Lakini mtoto hafungui jicho, nami sina la kushika. Una hakika, mwalimu?"

Sijui aliniita mwalimu kwa nini. Labda ni shati langu la usaili.

"Nina hakika."

Akatupa mafuta ya kawaida ya macho, akatuambia turudi siku ya tatu. Saa nane tulikuwa tumekaa chini ya kivuli cha ukuta, tukisubiri ndugu aje kutupeleka tulikofikia. Gari lile likatoka getini. Nyuma lilikuwa na nafasi. Niliitazama nafasi ile mpaka vumbi likaifunika.

Usaili ulikuwa kesho yake. Nilikwenda. Nilijibu maswali yote vizuri, na hilo nalo hunitia aibu.

Siku ya tatu tulirudi benchini mapema. Somoe alimtoa mtoto kitambaa amfute uso kwa maji. Kwenye ukingo wa kope la chini palikuwa na vilengelenge vidogo, vimebanana, vimejaa maji. Punje za ulezi. Somoe aliviangalia muda mrefu. Kisha akainua macho yake taratibu hadi kwenye mdomo wangu, akakaa hapo.

"Hemedi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Na yeye alipasua korosho?"

Watu walikuwa kulia kwetu na kushoto. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu sekondari sikuufunika.

"Si korosho, Dada. Haijawahi kuwa korosho."

Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alimpandisha mtoto begani, akasimama, akasema, "Nilikuuliza." Akaenda mwenyewe kugonga mlango wa muuguzi bila kungoja zamu.

Muuguzi alinisikiliza mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Akavua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake. "Ungesema juzi," alisema.

Mtaalamu alikuwa amerudi. Walimshika mtoto kwa upole, wakamdondoshea dawa ya ganzi, kisha rangi ya manjano, wakamulika taa. Mtaalamu aliniita nitazame. Juu ya jicho palikuwa na mchubuko uliotawanyika kama matawi ya mti mdogo mkavu. "Hiki ni kirusi cha malengelenge," alisema. "Dawa yake mimi sina. Misheni wanayo." Safari hii gari liliondoka nasi ndani.

Tulikaa misheni wiki tatu. Dawa ilikuwa ya kupaka ndani ya kope, mara tano kwa siku, na siku zetu zikagawanyika hivyo: ya alfajiri, ya chai, ya mchana, ya alasiri, ya kulala. Mbili kati yake ziliangukia karibu na kengele ya kanisa, na Somoe, ambaye hajawahi kukosa swala, akawa anaisubiri kengele ile kuliko mtu yeyote. Alipaka yeye. Mimi nilichota maji, nikapika uji, nikaosha vikombe, changu peke yake. Alinisemesha kwa yaliyo ya lazima tu. "Chumvi." "Lete kanga." Mwanahawa hakujua lolote. Aliniita nimsimulie hadithi, nami nikamsimulia nikiwa nimegeukia ukutani, nisije nikampumulia.

Wiki ya pili nilikwenda chumba cha ushauri nikaomba nipimwe damu. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na nilihisi sistahili tena kuogopea nafsi yangu. Majibu yalitoka hayana kitu. Sikuwa na UKIMWI. Mshauri, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliniuliza malengelenge yalinianza lini. Nikamwambia kuhusu malaria, togwa na kikombe cha bati.

"Basi huenda ni ya bibi yako," alisema. "Watu wengi sana wanayo, wengi wao hawajui waliyapata wapi. Yakiingia mwilini hayatoki, yanalala tu. Ukichoka, ukipata homa, ukipigwa jua, ukiwaza, yanaamka. Wewe unawaza sana?"

Nilicheka, kisha nikalia pale kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeilinda kwa kiapo siri ya kitu ambacho bibi yangu alikaa nacho uani mchana kweupe, bila kumficha mtu.

Aliniacha nimalize, kisha akaniambia yale ambayo tangu siku hiyo huwaambia watu hata wasiponiuliza. Yakiwa mabichi, yanatoa maji, ndipo yanapoambukiza sana, lakini hata mdomo ukiwa safi yanaweza kupita. Usimbusu mtoto. Mtoto mchanga ndiye wa kuogopewa zaidi, anaweza kufa. Kikombe chako, taulo lako, mswaki wako viwe vyako. Ukigusa kidonda, nawa kabla hujagusa jicho, lako au la mwingine. Dawa ya kufupisha siku zake ipo, lakini ianze siku ile ya kutekenya, usingoje gaga. Na jicho likiwa jekundu kwa mtu aliyekaa na mwenye malengelenge, usinunue matone dukani. Nenda hospitali, useme.

Hilo la kusema, sasa nalisema kwa kila mtu.

Jicho lilipona, maana yake maumivu yaliisha na matawi yale yakafutika. Palipokuwa na shina pakabaki kovu jeupe, dogo kama mbegu ya ufuta, katikati kabisa ya kuona. Daktari alisema tungewahi siku chache lingekuwa dogo zaidi, au lisingekuwepo. Hakujua anamwambia nani. Somoe alijua, akatazama dirishani.

Nyumbani niliwakusanya nikawaeleza wote. Mama alilia, akasema ni kosa lake aliyeniambia nimtoe mtoto, nami nikamkatalia kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha. Nassoro alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Hemedi." Akaacha kuniita Meno. Akawa ananisalimia vizuri, kwa heshima, kama mgeni. Mtu asiyejua utani wa mashemeji hawezi kujua adhabu ile ilikuwa nzito kiasi gani. Nilipata kazi Nachingwea, nikawa narudi kila mwisho wa mwezi, na kila nikirudi nasubiri tusi lake moja. Lilikuja msimu wa korosho uliofuata. Nimekaa nabangua, akapita nyuma yangu na gunia begani. "Msomi, leo ni jiwe au meno?" Kisha akasimama, kama mtu aliyejisikia amekanyaga kaburi. Nikasema, "Jiwe, shemeji." Akapumua. Nilimshukuru kimoyomoyo, ingawa maneno yake yaliingia kama msumari.

Somoe yeye hakunipa dalili yoyote ya msamaha. Alinipikia, alinifulia shati la kazini, aliniulizia afya. Kikombe changu akakitundika msumari wake peke yake, akakifunga uzi mwekundu. Siku nikirudi na mdomo umeanza kutekenya nasema mlangoni, "Dada, yameanza," naye anamwita Mwanahawa akae kwake. Ndivyo tulivyoishi mpaka ufuta ukaiva tena.

Nilichukua ruhusa nikaenda kusaidia. Mdomo wangu siku ile ulikuwa safi, sina hata doa. Miganda, turubai, fimbo, Somoe na ungo wake, upepo uleule. Mwanahawa, sasa ana miaka mitano, alikuwa anacheza pembeni. Nikasikia ukelele. Alikuja mbio kwangu, si kwa mama yake, kiganja amefunika jicho. La kulia. Lile zima.

"Mjomba, nitoe!"

Akanishika masikio yote mawili, akainua uso. Fimbo zilinyamaza. Ungo wa Somoe ulisimama hewani.

Nikamshika mikono, nikaitoa masikioni mwangu.

"Mjomba hatoi tena kwa ulimi. Tunatumia maji."

"Maji yanauma! Mbona zamani ulinitoa?"

"Nilikutoa. Na mdomo wangu ulikuwa na kidonda, nikajua, nikanyamaza. Ndicho kilichokuumiza hilo jicho jingine."

Alinitazama kwa lile lenye kovu, kwa kuwa lile jingine lilikuwa limefumba. Alikuwa anajaribu kuniona.

"Uliniumiza wewe?"

"Mimi, mama."

Akafikiri. "Basi mimina taratibu," akasema.

Mama alileta maji kwenye kata. Nikamlaza kichwa pajani, nikamimina pembeni mwa jicho, kidogo kidogo, yeye akipepesa na kunilaumu kila tone. Mara ya nne kapi likaelea, likateremkia shavuni. Akakaa, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama huku na huku kwa la kulia: turubai, miganda, mimi.

"Naona," akasema, akaenda zake kucheza.

Nilibaki nimechuchumaa, kata mkononi. Somoe alisimama, akazunguka na ungo wake mpaka upande wa pili wa turubai, akageuza mgongo ili upepo uchukue makapi kuelekea porini, mbali na pale tulipokaa. Kisha akaendelea kupepeta.